Chujio la Maji la Mishumaa: Namna ya Kulisafisha Bila Kuchafua Maji Yaliyokwisha Kuchujwa

Wanaoniuliza kuhusu chujio la maji huwa na malalamiko ya aina tatu. Wa kwanza: maji yanatoka tone moja moja, nyumba nzima inasubiri glasi. Wa pili: yalikuwa hayatoki, nikausugua mshumaa kwa sabuni mpaka ukang'aa, na sasa ni wiki ya pili maji yananukia sabuni. Wa tatu huja na furaha. Anasema tangu alisafishe, chujio linatoa maji mengi ajabu, halikawii hata kidogo.

Huyo wa tatu ndiye anayenitia wasiwasi. Chujio likiongeza kasi ghafla kupita lilivyokuwa jipya, maji yamepata njia ya mkato. Ama mshumaa una ufa, ama mpira haukukaa sawa, na anachokunywa ni maji ya ndoo ya juu yaliyopitia mahali pengine.

Mwongozo huu ni wa chujio la ndoo mbili, za plastiki au za chuma kisichoshika kutu. Ya juu ina mshumaa mmoja au zaidi wa kauri nyeupe, ambao ndio unaochuja maji, ya chini ina koki. Wenye chujio la chungu wanaweza kufuata sehemu kubwa ya haya. Tofauti nitaitaja nikifika.

Kabla ya yote: upande mchafu na upande safi

Chora mstari kichwani. Kila kinachogusana na maji ambayo hayajachujwa ni upande mchafu: ndani ya ndoo ya juu, ngozi ya nje ya mshumaa, mfuniko. Kila kinachogusana na maji yaliyochujwa ni upande safi: uwazi wa ndani wa mshumaa, kishina chake kinachoning'inia chini, ndani ya ndoo ya chini, na koki.

Makosa karibu yote ninayoyaona ni mkono, kitambaa au maji ya upande mchafu kuvuka kwenda upande safi. Mtu anausugua mshumaa beseni linajaa tope, kisha kishina anakisuuza kwenye tope hilo hilo. Wadudu waliokuwa wamezuiwa nje kwa miezi mitatu anawapa njia ya kuingia ndani kwa dakika moja, na kutoka hapo hakuna tena cha kuwachuja.

Ndiyo maana katika mpangilio wangu tunaanza na ndoo ya chini, wakati wengi huanza na mshumaa. Mikono bado ni misafi, basi ianze na kazi safi.

Vitu vya kuandaa

- Maji safi ya kusuuzia, kama lita tano, yaliyochujwa au yaliyochemshwa yakapoa. Yakinge jana yake. Watu wengi hulifungua chujio kwanza, ndipo wakumbuke kwamba maji safi ya nyumba nzima yalikuwa humo.
- Beseni mbili za rangi tofauti. Moja ya uchafu, moja ya usafi, na zisibadilishane kazi.
- Mswaki mpya wenye nywele laini kwa ajili ya mshumaa, na mwingine mdogo kwa ajili ya koki. Viwekee alama.
- Kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa.
- Sabuni ya maji, kwa ndoo tu.
- Dawa ya klorini ya nyumbani isiyo na manukato. Soma kibandiko, nyingi madukani zina nguvu ya asilimia 3.5 hivi, na vipimo vyangu ni vya nguvu hiyo.
- Stuli mbili za urefu sawa.
- Jagi lenye alama ya lita moja, na saa ya simu.
- Kalamu ya maka isiyofutika.
- Washa za akiba, yaani zile pete za mpira zinazozuia maji kuvuja. Ni za bei ndogo, na ndizo huharibika kwanza.

Usilete mezani chuma cha kusugulia sufuria, sabuni ya unga wala jivu. Chuma na jivu hukwangua kauri kupita kiasi. Sabuni huingia kwenye vitundu vidogo vya kauri na haitoki kwa kusuuza. Itatoka yenyewe kidogo kidogo kwenye chai yako.

Hatua ya 1: Pima kasi kabla hujafungua chochote

Jaza ndoo ya juu mpaka juu. Toa maji yote ya ndoo ya chini. Subiri saa moja kamili, kisha kinga yaliyoshuka upime kwa jagi.

Lazima ndoo iwe imejaa kwa sababu uzito wa maji ndio unaoyasukuma kupita kwenye kauri. Ndoo ikiwa nusu, kasi hushuka hata kama mshumaa ni mzima, na utahukumu vibaya. Vilevile maji ya chini yakipanda hadi kufunika vishina, kasi hupungua. Chujio la namna hiyo halijaziba, limejaa tu.

Andika namba hiyo na tarehe ubavuni mwa ndoo kwa kalamu ya maka. Langu lina mishumaa miwili, na lilipokuwa jipya lilitoa lita moja na robo kwa saa. Kanuni yangu ni kwamba likishuka hadi nusu ya ilivyokuwa mwanzo, ni siku ya kusafisha. Kabla ya hapo naliacha, kwa kuwa kila kusugua kunapunguza unene wa kauri, na kauri hairudi.

Kama hukupima chujio likiwa jipya, pima baada ya usafishaji wa leo. Hiyo ndiyo itakuwa namba yako ya kulinganishia.

Hatua ya 2: Tenganisha ndoo

Nawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, uisuuze vizuri. Panga stuli mbili ziachane kiasi cha kiganja. Inyanyue ndoo ya juu, uiweke juu ya stuli hizo ili vishina vya mishumaa vining'inie katikati, visiguse kitu.

Hapo ndipo wengi hukosea. Ndoo ya juu inawekwa sakafuni au juu ya meza, na vishina, ambavyo ni upande safi, vinakanyagia vumbi. Baadaye watoto wakiharisha, lawama inaenda kwa bomba.

Hatua ya 3: Ndoo ya chini na koki

Osha ndani ya ndoo ya chini kwa sabuni ya maji na kitambaa cheupe. Pitisha kidole ukutani. Ukihisi utelezi, kama ule wa ndani ya mtungi uliokaa, osha tena. Utelezi huo ni utando wa vijidudu, na hujijenga hata penye maji yaliyochujwa vizuri, kwa sababu mikono, hewa na vikombe huvileta.

Sasa koki. Fungua nati yake ya ndani, uitoe nzima. Ukimulika kwa tochi ya simu ndani ya mdomo wake utaona kwa nini nasisitiza: huwa kuna mduara wa rangi ya kijani iliyoiva au nyeusi, pale maji yanapolala baada ya kila glasi. Sugua kwa mswaki mdogo kutoka pande zote mbili, ukiifungua na kuifunga koki ili kila sehemu ifikiwe. Kwenye maji magumu, kama ya Dodoma, utakuta pia gamba jeupe la chokaa. Loweka koki kwenye siki usiku kucha, kisha isuuze mpaka harufu iishe.

Onyo: siki na klorini visikutane. Vikichanganyika hutoa gesi inayokaba pumzi. Ukitumia siki, suuza kabisa kabla ya kwenda kwenye klorini.

Rudisha koki. Tengeneza maji ya klorini: kijiko kimoja cha chai cha dawa kwa kila lita moja ya maji. Zungusha yaguse kuta zote, fungua koki yapite kidogo, ifunge, uache nusu saa. Kisha yamwage kwa kupitia koki, usuuze mara mbili kwa maji yako safi, na ndoo uifunike kwa kitambaa safi. Usiifute ndani kwa kitambaa ili ikauke. Iache ikauke yenyewe.

Kazi imefanikiwa kama ukuta hautelezi, koki haina rangi, na harufu ya klorini imebaki kwa mbali au haipo.

Hatua ya 4: Toa mishumaa

Shika kitako cha plastiki cha mshumaa kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ulegeze nati iliyo chini ya ndoo. Usishike kauri ukaizungusha. Kauri na kitako vimeunganishwa kwa gundi, na ukizungusha kauri unaipasua gundi kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Mshumaa utaonekana mzima, lakini utakuwa umekufa.

Kila kishina kikitoka, kizibe kwa kipande cha mfuko safi wa plastiki na ukifunge kwa mpira wa pesa. Ni dakika moja ya kazi, na mlango wa upande safi unakuwa umefungwa.

Hatua ya 5: Sugua mshumaa

Kazi hii haihitaji nguvu. Ushike mshumaa juu ya beseni la uchafu, kishina kikitazama juu ili maji machafu yateremke kuelekea chini, mbali nacho. Mimina maji kidogo kidogo, usitumbukize, na upitishe mswaki kwa kuzungusha, ukianzia karibu na kitako kuelekea ncha.

Maji ya kwanza hutoka rangi ya chai ya rangi. Kisha ngozi ya kahawia huanza kuachia vipande vipande, na chini yake unatokea weupe kama wa muhogo uliomenywa. Mahali pakishakuwa peupe, hama. Usirudie. Unachokitaka ni kuondoa ngozi ya uchafu tu. Ukiendelea baada ya weupe kutokea, unachoondoa ni chujio lenyewe.

Mabaka machache ya kahawia hafifu yakibaki, yaache. Mshumaa wa miezi sita hautarudi kuwa mweupe kama wa dukani, na anayelazimisha hivyo ananunua mshumaa mpya mapema.

Suuza kwa maji safi kwa kumimina. Maji ya mwisho yakidondoka bila rangi, inatosha.

Klorini usiuwekee mshumaa. Mishumaa mingi imetiwa fedha, ile ya madini, ili vijidudu visizaliane ndani ya kauri, na klorini nzito huipunguza. Chujio la chungu nalo ni vivyo hivyo: sugua ndani kwa mswaki laini na maji, chungu ukishike kwa ukingo, kisha upande wa nje usiuguse kwa mkono, maana huko ndiko maji safi hutokea.

Kuchemsha mshumaa je?

Chemsha tu kama karatasi iliyokuja nao inaruhusu, na kamwe usichemshe wenye mkaa ndani. Ukichemsha, tandika kitambaa ndani ya sufuria, kwenye sakafu yake, anza na maji baridi, na baada ya moto kuzimwa uache upoe humo humo. Wangu wa kwanza niliutoa kwenye maji yaliyokuwa yakitokota nikauweka chini ya bomba. Nilisikia mlio mdogo, kama wa ukucha kwenye glasi. Sikuona ufa wowote, nikaurudisha, na kwa wiki kadhaa nikajisifu kwamba chujio langu sasa linakimbia. Mimi ndiye niliyekuwa wa tatu katika wale niliowataja mwanzoni.

Hatua ya 6: Tafuta ufa

Kwanza kwa macho: mulika kwa tochi ukiuzungusha taratibu, hasa pale kauri inapokutana na kitako. Ukiona uzi mweusi mwembamba, hata wa urefu wa kucha, mshumaa umekwisha. Weusi unaoonekana kupitia ukuta wa mshumaa wenye mkaa una maana hiyo hiyo: kauri imelika.

Jaribio la pili ni la mapovu, na ndilo ninaloliamini. Loweka mshumaa kwenye beseni la usafi lenye maji safi kwa saa moja, kishina kikiwa juu ya maji, mpaka kauri inywe ishibe. Chomeka bomba laini safi kwenye kishina, na kwa sindano kubwa isiyo na ncha, mpya, sukuma hewa ndani taratibu huku mshumaa ukiwa umezama.

Kauri iliyoshiba maji haipitishi hewa kwa msukumo mdogo kama huo. Vitundu vyake ni vyembamba mno na maji yameviziba. Kwa hiyo mshumaa mzima unakaa kimya. Povu linalopanda mfululizo kutoka sehemu moja linakuonyesha ufa ulipo. Likitokea kwenye ungio la kitako, gundi imeachia.

Usipulize kwa mdomo. Unatia mate upande safi.

Ufa hauzibwi kwa gundi ya dukani, wala kwa nta, wala kwa rangi ya kucha (nimeona). Tupa.

Hatua ya 7: Rudisha mishumaa

Osha ndani ya ndoo ya juu kwa sabuni kidogo na usuuze sana, halafu kausha eneo la matundu. Angalia washa moja moja: ikunje kati ya vidole. Ikiwa na mikwaruzo, imekauka au imebaki na umbo la kubonyea, weka mpya.

Mpangilio kutoka juu kwenda chini ni huu: kitako cha mshumaa, washa ya mpira, sakafu ya ndoo, kisha nati. Washa kuu hukaa ndani ya ndoo, kati ya kitako na sakafu. Baadhi ya chujio huja na washa ya pili ya upande wa chini, lakini hiyo ni nyongeza na haichukui nafasi ya ile ya ndani. Wengi huweka washa moja waliyo nayo upande wa chini kwa sababu ndiko wanakoona maji yanavuja. Uvujaji unaoonekana unazimwa, ila maji machafu yanaendelea kupenya pembeni ya kishina na kuingia ndani.

Kaza nati kwa vidole, ukishika kitako kisizunguke. Ikigoma, ongeza robo mzunguko basi. Koleo halina kazi hapa; nati ya plastiki huchanika uzi wake, na washa iliyobanwa mno hujikunja.

Hatua ya 8: Jaribio la stuli mbili

Ukikosa muda wa hatua nyingine, hii usiiruke.

Rudisha ndoo ya juu kwenye stuli, weka beseni la usafi chini yake. Mimina maji kiasi cha kufunika vitako tu, kama vidole viwili kutoka sakafu ya ndoo. Kausha upande wa chini wa ndoo na nati zote kwa kitambaa. Sasa lala chini utazame kwa tochi, dakika kumi.

Maji yanatakiwa kutoka sehemu moja tu: ncha ya kishina, kupitia tundu lake, tone baada ya tone na kwa uvivu mkubwa. Ukiona unyevu unakusanyika kuzunguka nati, au tone linajiunda ukingoni mwa washa na kuteremka kwa nje ya kishina, hayo ni maji ambayo hayakuchujwa. Fungua, geuza au badili washa, rudia.

Mara ya kwanza nilipofanya jaribio hili kwenye chujio la jirani, lililokuwa likitumika kwa mwaka mzima bila mtu kuumwa sana, mishumaa miwili kati ya mitatu ilikuwa inavuja kwenye nati. Hakuamini mpaka alipolala chini mwenyewe na kitenge chake akakiona kinaloa.

Hatua ya 9: Maji ya kwanza

Unganisha ndoo, jaza, na maji ya mzunguko wa kwanza yamwage au umwagilie mboga. Mshumaa mpya unahitaji mizunguko miwili, na kabla ya kufungwa uloweke siku nzima, maana kauri kavu imejaa hewa na inaweza kukataa kutoa maji kabisa.

Kisha pima kasi tena kama hatua ya kwanza. Irudi karibu na namba ya mwanzo. Ikiizidi ile ya mshumaa mpya, rudi hatua ya sita.

Maji ya masika

Mimi niko Morogoro. Masika yakichanganya, Uluguru inashuka na udongo wake, na maji ya bomba huja na rangi ya maziwa yaliyotiwa majani. Ukiyamwaga hayo moja kwa moja kwenye chujio, utakuwa unasugua kila siku tatu, na mshumaa wa mwaka utaumaliza kwa miezi minne.

Dawa yake ni kuyapa maji muda. Jaza ndoo ya pembeni jioni, funika, asubuhi chota ya juu bila kutikisa. Yakiwa mazito sana, tumia shabu: zungusha kipande ndani ya ndoo kwa muda mfupi mpaka uone tope linaanza kushikana kama mawingu, kitoe, uache maji yatulie. Mimina kwa kupitia kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne. Kitambaa hakiui chochote, kinakupunguzia kusugua.

Maji ya moto yasiingie kwenye ndoo ya juu. Kuna nyumba huchemsha kisha wakachuja yakiwa bado vuguvugu ili kuokoa muda, na kitako hulegea gundi taratibu. Mimi nikihitaji vyote viwili huchuja kwanza, halafu nachemsha.

Yasiyochujwa na mshumaa

Kauri nzuri huzuia tope, mayai ya minyoo, amiba, na bakteria kama wa taifodi na kipindupindu. Virusi, kama vya rota na vya homa ya ini aina ya A, ni vidogo mno na vinaweza kupita. Kukiwa na mlipuko wa kuharisha mtaani, au kwa mtoto mchanga, maji yaliyochujwa yachemshe mpaka yatokote, au tia dawa ya maji ya kunywa kwa kipimo cha kibandiko chake.

Chumvi ya visima vya pwani haishuki hata kidogo. Floridi pia haishuki, ile inayopaka meno rangi ya kahawia kwa watoto wa sehemu nyingi za Arusha na ukanda wa Bonde la Ufa. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha huizidisha, kwa sababu maji yanapungua na floridi inabaki. Kwa hiyo inatafutwa njia nyingine, kama chujio la mkaa wa mifupa au maji ya mvua, na mshumaa usilaumiwe kwa kazi isiyo yake.

Ratiba na kubadilisha

Ndoo ya chini na koki: kila wiki kwa sabuni, kila mwezi kwa klorini. Ngozi ya mshumaa: kasi ikifika nusu, si kwa kalenda. Jaribio la stuli: kila mara mshumaa unapofunguliwa, na kila chujio linapoanguka au kuhamishwa nyumba.

Mshumaa wenyewe fuata muda wa mtengenezaji. Wenye mkaa ndani huwa ni kama miezi sita, hata ukiwa unang'aa, kwa kuwa mkaa hujaa na hausafishiki kwa kusugua. Wa kauri tupu hudumu zaidi, na baadhi huja na kipimo cha plastiki cha duara: kikipita juu ya mshumaa bila kukwama, umelika vya kutosha. Kama hukupewa kipimo, siku unayofungua mshumaa mpya uzungushie uzi, ukate pale unapokutana, uubandike chini ya mfuniko. Miezi ikipita, uzi uleule utaanza kupishana ncha zake, na utajua kiasi gani kimekwenda.

Ukisafiri zaidi ya wiki, mwaga maji yote, sugua, na uiache mishumaa ikauke kabisa mahali penye upepo, si juani kwenye bati. Ukirudi, loweka tena kabla ya kufunga.

Ubavuni mwa ndoo yangu, kwa maka nyeusi iliyoanza kufifia, safu ya kwanza inasema 1.25, ya pili 0.6 na neno «sugua», ya tatu 1.1, ya nne 0.5, «sugua», ya tano 1.0. Ya sita niliiandika juzi: 1.6. Nimekwishanunua mishumaa mipya. Hii ya zamani tumeipeleka bustanini kuwekea alama mistari ya mchicha.